Kisu cha Kukunja chenye Kamani: Namna ya Kukichukua na Kukitengeneza bila Hatari

Mkulima mwanachama aghalabu hatoki nyumbani bila kisu. Hukata kwacho kamba za magunia ghalani, hupunguza machipukizi ya mikahawa, hubebesha miche ya miembe na miparachichi, na wakati wa mapumziko humenya chungwa. Kwa miaka mingi kisu hicho kilikuwa ama cha ala, ama cha kukunja cha kawaida kinachofunguliwa kwa ukucha. Baadaye kikatokea kingine, ambacho mtu hukisukuma kidogo kwa kidole nacho kikaruka wazi chenyewe kwa nguvu ya kamani, yaani springi, iliyofichwa ndani ya mpini. Ni chombo kizuri kwa mtu ambaye mkono wake wa pili umeshika tawi au mdomo wa gunia. Hata hivyo kina tabia zake, na asiyezijua aweza kupoteza matumizi ya kidole, au kuchomwa paja na kisu kilichofunguka mfukoni.

Visu vya kukunja si jambo geni kwa wakulima. Huko Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu chenye mpini wa mti kwa ajili ya wakulima wa milimani, na mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma inayozungushwa ili ubapa usijifunge. Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika ya Kusini. Visu vyenye kamani ya kusaidia kufungua vilienea Marekani katika miaka ya 1990, na miongoni mwa waliovipa sifa ni fundi Ken Onion, ambaye utaratibu wake ulitumiwa na kampuni ya Kershaw.

Ni muhimu kuelewa kinachotendeka ndani ya mpini. Kisu kikiwa kimefungwa, kamani huuvuta ubapa ubaki ndani. Mtumiaji anaposukuma kijino kilicho nyuma ya ubapa, au kichuma kilichowekwa kwa ajili ya kidole gumba, kwanza hushindana na kamani hiyo. Ubapa ukishapita pembe ndogo fulani, kamani ileile hubadili upande wa nguvu yake na kuusukuma ubapa nje hadi mwisho. Kwa hiyo kamani moja ina kazi mbili: kuufunga ubapa ukiwa ndani, na kuufungua ukishaanza kutoka. Kazi ya tatu, ambayo wengi huidhania kuwa yake, si yake: haiuzuii ubapa kurudi na kuangukia vidole wakati wa kukata. Msukumo wake ni mdogo mno mbele ya nguvu ya mkono. Kazi hiyo ni ya komeo, ambalo katika visu vingi vya namna hii ni bamba jembamba la chuma lililo ndani ya mpini. Ubapa ukifunguka, bamba hilo huhama na kusimama nyuma ya kisigino chake. Kisu chaweza kuruka wazi kwa kishindo cha kupendeza na huku komeo lake limekwisha kuchakaa.

Hapo ndipo yalipo makosa ya wale wanaopenda kutengeneza visu vyao wenyewe. Wapo wanaoiona kamani kuwa kali mno, wakafungua mpini na kuitoa, wakiamini kwamba sasa wamepata kisu cha kawaida kisicho na hatari. Kinyume chake ndicho kinachoweza kutokea. Kisu kisicho na kamani tangu kiwandani huwa na kigololi kidogo kilichopachikwa katika bamba la komeo. Kigololi hicho huingia katika kishimo cha ubapa na kuushikilia usitoke. Katika visu vingi vyenye kamani kigololi hicho ni dhaifu, au hakipo kabisa, kwa sababu kamani ndiyo iliyopewa kazi ya kuufunga ubapa. Ukiitoa, ubapa hubaki ukining'inia, na mwenyewe akiinama kuinua gunia, ncha hutoka mfukoni polepole bila yeye kuhisi. Basi mwenye kuitoa kamani hana budi kukijaribu kisu kabla hajakitia mfukoni: akigeuze, mpini juu na ubapa chini, akitikise kwa nguvu mbali na mwili wake. Ubapa ukitoka hata kidogo, kamani irudishwe, au kisu kibaki katika sanduku la vyombo. Mwenye kuifungua kamani asiuweke uso wake juu ya kisu, na miwani ya kazi ni bora, kwa kuwa kipande hicho kimekaa kwa mvutano na chaweza kuruka.

Lililo baya zaidi ni kupiga tupa uso wa komeo, ama kisigino cha ubapa kinachokutana nalo, ili kisu kifungike kwa wepesi. Nyuso hizo mbili zimekatwa kwa mteremko uliopimwa, na mikwaruzo michache ya tupa yatosha kulifanya komeo liteleze mtu anapokandamiza. Komeo lililoharibiwa hivyo halitengenezeki nyumbani. Vivyo hivyo, anayekata ubapa mrefu kwa kinoo cha umeme ahadhari na joto. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimekwisha kufika joto la karibu nyuzi 300 za Sentigredi, na vyuma vingi vya visu hupoteza ugumu wake hapo. Makali hayatadumu tena hata yakinolewa kila asubuhi.

Yanayofaa kufanywa na kila mtu ni machache: kukisafisha, kukitia tone moja la mafuta kwenye egemeo, kukinoa, na kukaza skrubu kwa bisibisi inayoenea barabara katika tundu lake. Egemeo lisilegezwe kiasi cha ubapa kuyumba huku na huko. Shambani, utelezi wa kahawa na vumbi la ghalani huingia ndani ya mpini na kulizuia komeo lisifike mahali pake. Kisu kilichofunguka nusu komeo ni hatari kuliko kisicho na komeo, kwa vile mwenyewe amekiamini. Kulijaribu komeo, kisu hufunguliwa na mgongo wa ubapa ukakandamizwa taratibu juu ya ubao, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali. Ubapa ukirudi, kisu hicho kisitumike.

Kuhusu kukichukua, mfuko usiwe na funguo wala sarafu, maana vyaweza kuusukuma ule kijino. Kisu chenye kibanio kilichofungwa upande wa egemeo huelekea chini mfukoni, na cha upande mwingine huifanya ncha ielekee juu. Huyu wa pili ahitaji uangalifu: kisu kikae kwenye pembe ya nyuma ya mfuko, mgongo wa ubapa ukigusa mshono, ili mshono wenyewe uuzuie ubapa usitoke. Kibanio kisihamishwe kwa kutoboa matundu mapya. Kitumie yale yaliyotobolewa na mtengenezaji. Kisu chenye kitufe kidogo cha kuzuia ncha kizuiwe kila kinapofungwa. Mikono ikiwa na maji au utelezi, kisu kisifunguliwe kwa kamani, kwa sababu mshtuko wake hukiponyosha mkononi. Nacho kikianguka, kiachwe kianguke. Wengi wameumia kwa kukidaka.

Wanachama wenye jamaa wanaosafiri wafahamu pia kwamba kisu kisicho na lawama mahali pamoja chaweza kuwa kosa mahali pengine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1958 ilizuia biashara ya visu vya kubonyeza kitufe baina ya majimbo. Mwaka 2009 ikarekebishwa kuvitoa vile ambavyo ubapa wake una mvuto wa kubaki umefungwa na huhitaji kusukumwa kwa mkono, ingawa majimbo yana sheria zao. Uingereza imekwenda njia nyingine: sheria ya mwaka 2019, ambayo sehemu yake hii ilianza kutumika mwaka 2021, iliipanua maana ya visu vilivyokatazwa tangu 1959 hata ikavigusa vinavyosaidiwa na kamani. Tena huko kisu cha kukunja chenye komeo hakihesabiwi pamoja na visu vidogo vya mfukoni ambavyo mtu huruhusiwa kutembea navyo bila kutoa sababu. Jambo la ajabu kidogo, kwani komeo ndilo linalolinda vidole. Ndani ya ndege, mahali pa abiria, kisu hakiingii. Kiwekwe katika mizigo ya chini au kiachwe nyumbani.

Ajali ikitokea, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe juu. Unga wa kahawa, udongo na mafuta ya taa visitiwe kamwe. Kisu kinachojifunga mkononi hukata upande wa ndani wa vidole, na chini ya ngozi hapo ndipo zipitapo kano za kukunjia. Kwa hiyo majeruhi aombwe kukunja kila kiungo cha kidole kimoja kimoja. Kiungo kisichokunjika, au ncha iliyokufa ganzi, ni dalili ya kano au neva kukatika, hata kama jeraha ni dogo na damu imekwisha kukoma. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa maana kano iliyokatika huunganishwa vyema mapema, na kuchelewa kwa majuma huifanya kazi ya daktari kuwa ngumu. Sindano ya kinga ya pepopunda iulizwe papo hapo, hasa kwa jeraha la shambani.

Kwa kazi ya ghalani, ambako watu wengi hutumia kisu kimoja kwa zamu, kisu cha ala kisichokunjwa ndicho kifaacho: hakina komeo la kuchakaa wala kamani ya kuvunjika. Mtunza ghala akiandike katika daftari la vifaa pamoja na ndoano na mizani, na kila jioni akipokee kikiwa ndani ya ala yake.