JANI LINALOKUNYWA MAJI



Aghalabu nanasi likishanunuliwa hapa Southall Broadway na kumenywa, kishungi chake cha majani hutupwa. Mama yangu mzazi, alipotuzuru kutoka Tanga, hakukitupa. Alikipanda katika chungu dirishani, akatuusia tukitunze. Alipokwisha kurejea nyumbani, tulikimwagilia asubuhi na jioni, kwa mapenzi yaliyozidi maarifa. Haukutimia mwezi wa tatu, kikaoza.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mmea hunywa kwa mizizi peke yake. Nanasi ni la ukoo wa bromelia, ambao asili yake ni Amerika, na katika ukoo huo majani nayo hunywa.

Tazama upande wa chini wa jani la nanasi, utauona weupe kama unga. Hilo si vumbi, bali ni vinyweleo vidogo mno. Kila kimoja kina sehemu mbili: juu kuna ngao bapa ya seli zilizokwisha kufa, tupu ndani, chini yake kuna kikonyo cha seli hai, kilichozama katika jani. Tone la maji likiangukia hapo, seli mfu hulifyonza na kuvimba, ngao hulala juu ya jani, na seli hai huyavuta maji hadi ndani. Hewa ikikauka, ngao hunywea na kuwa kama kifuniko. Maji yaliyoingia hayatoki kwa urahisi kwa njia ile ile.

Jamaa zake waitwao tilandsia wamezidi: wengi huota juu ya matawi ya miti pasipo udongo, na mizizi yao kazi yake ni kushikilia tu. Mimea ya ukoo huu imo katika Bustani ya Kew, isiyo mbali nasi, ndani ya jumba la vioo la Princess of Wales lililofunguliwa mwaka 1987.

Nanasi, kwa upande wake, lahitaji udongo, ila halitaki kuzamishwa. Basi uacheni udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena, na majani myanyunyizie. Maji ya bomba ya London yana chokaa, ile ile iachayo ukoko ndani ya birika. Ikikaukia juu ya jani huacha madoa na huweza kuviziba vinyweleo. Kingeni mvua, ambayo hapa haina uhaba.

Kishungi cha pili kipo dirishani sasa, na kimetoa majani manne mapya. Mama akipiga simu hukiulizia hicho kwanza, ndipo atujulie hali sisi.