Mchochota wa Tumbo na Njia Ndefu ya Saratani

Katika milima ya Nariño, kusini mwa Colombia, saratani ya tumbo imewasumbua watu kuliko majirani zao wa pwani ya jimbo hilohilo. Daktari Pelayo Correa, Mkolombia aliyebobea katika patholojia, alichunguza kwa hadubini vipande vya nyama ya tumbo vya watu wa huko. Mwaka 1975 yeye na wenzake walitoa hoja kwamba saratani hii haizuki ghafla: hutanguliwa na mchochota unaodumu miongo kadhaa.

Kwanza ukuta wa ndani wa tumbo huwa mwekundu na kujaa chembe nyeupe za damu. Mchochota usipokoma, tezi zinazotengeneza asidi hufa moja baada ya nyingine na ukuta hukonda. Kisha hutokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote: palipokuwa na tezi huota seli za utumbo. Chini ya hadubini huonekana wazi, nyingi zimebeba tone nene la ute, zimejipanga mahali pasipo pake. Baadhi yake, baada ya miaka, hupoteza mpangilio, viini vyake hutanuka na kukolea rangi. Hapo saratani iko karibu.

Kinachoharibu ni vita vyenyewe vya kinga ya mwili. Chembe za kinga humwaga kemikali kali ambazo, pamoja na kushambulia adui, hukatakata DNA ya seli za jirani. Pengo la seli zinazokufa lazima lizibwe, kwa hiyo zilizobaki hugawanyika mfululizo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa jipya.

Correa hakujua adui ni nani. Jibu lilitoka Perth, Australia. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wakijaribu kuotesha bakteria kutoka matumboni mwa wagonjwa, bila mafanikio, mpaka sahani za maabara zilipoachwa wakati wa likizo ya Pasaka. Siku za ziada ndizo alizohitaji Helicobacter pylori. Bakteria huyu hujizungushia amonia inayopunguza makali ya asidi, akajichimbia ndani ya ute, akakaa humo maisha yote asipotibiwa.

Uzito wake ulidhihirika Japani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watu 1,246 wenye bakteria huyo walifuatiliwa kwa wastani wa takriban miaka minane. 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasio naye, hakupata hata mmoja. Ni kweli, wengi wanaoishi naye hawafiki huko. Aina ya bakteria, chumvi nyingi, sigara na urithi wa damu vyote vina sehemu yake.

Ndiyo maana nasikitika kuona mtu akimeza dawa za kutuliza asidi mwaka hadi mwaka bila kupimwa. Dawa hizo peke yake hupunguza kiungulia; bakteria hubaki. Kipimo cha choo au cha pumzi humgundua, na antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya asidi, zikimezwa hadi mwisho, kwa kawaida humwondoa. Matibabu ya mapema, kabla seli za utumbo hazijaota, ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje vipimo hivyo. Anahitaji kipimo cha kamera ya tumboni haraka.