Meno ya Mtoto Huanza Tumboni

Mtoto wa miezi sita anapoota jino la kwanza, nyumba nzima hushangilia. Kumbe jino hilo lina historia ndefu. Meno ya utoto huanza kuchipuka ndani ya taya mimba ikiwa na wiki sita hivi, na kuanzia mwezi wa nne madini huanza kuyakaza. Siku ya kuzaliwa, meno yote 20 yameshaanza kujengeka chini ya ufizi.

Kinachoyajenga hutoka kwa mama. Lishe yake ikipungua sana, au akiugua, au mtoto akizaliwa kabla ya wakati, enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, huweza kuwa nyembamba au yenye vishimo. Gamba hilo likishaumbwa vibaya mwili haulirekebishi, na jino huoza mapema.

Lishe hiyo tuitazame hapa Luberizi, kwenye Bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya taifa namba 5 iendayo Uvira. Ni nchi ya mihogo, mahindi, mpunga na ng'ombe. Bugali hushibisha, lakini peke yake una kalsiamu na protini kidogo. Ndagala wa Ziwa Tanganyika, wanaoliwa wazima na mifupa yao, hutoa vyote viwili. Lengalenga, sombe, maharagwe na maziwa huongezea. Kwa hiyo chakula kinachofaa kinajulikana hapa. Kinachokwamisha ni bei, vita vinavyowatoa watu mashambani, na mgao wa nyumbani: baba akipakuliwa kwanza, mjamzito huweza kubaki na mchuzi.

Vitamini D nayo ina kazi kubwa, kwa kuwa husaidia mwili kutumia kalsiamu. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019 uliwapa wajawazito kiwango kikubwa cha vitamini hiyo miezi ya mwisho ya mimba. Watoto wao walipofika miaka sita, wapatao 15 kwa kila 100 walikuwa na kasoro za enameli kwenye meno ya kudumu. Kwa watoto wa wajawazito ambao hawakupewa kiwango hicho kikubwa, walikuwa karibu 28. Luberizi, jua linalotengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi halinunuliwi.

Malaria ya mimba huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na watoto hao ndio hupata kasoro za enameli zaidi. Hivyo chandarua, dawa ya kinga na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kwenye kliniki ya wajawazito (CPN) hulinda pia meno. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe na wahudumu wa afya mara nane. Dawa ya tetrasiklini ya kununua ovyo aiepuke: hutia meno ya mtoto madoa yasiyotoka.

Wapo wanaosema mtoto hula meno ya mamaye. Si kweli. Homoni za mimba ndizo huvimbisha ufizi wa mama hadi ukatoka damu, na jino bovu lisilotibiwa huzidi kuoza. Kisha vijidudu vya kuozesha meno humfikia mtoto kwa mate, mama akimtafunia chakula au kulamba kijiko chake.

Baada ya kuzaa, ziwa la mama pekee latosha miezi sita. Bibero yenye chai ya sukari isilale mdomoni mwa mtoto, na jino la kwanza lipigwe mswaki kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele.

Waume na mama wakwe, mjamzito apakuliwe ndagala na mboga kwanza, kisha asindikizwe CPN mapema.