Serveya wa serikali akija shambani, amekuja kufanya nini hasa?

Uzi mrefu kidogo, chukua chai.

Kila msimu wa siasa utaona hii. Mwanasiasa yuko jukwaani, anaambiwe hapo kijijini kuna mzozo wa shamba, na jibu lake ni lile lile: "Jumatatu naleta serveya wa serikali, huu mchezo uishe." Watu wanapiga makofi. Ule upande mwingine wa mzozo, ambao pengine hata haukuwa mkutanoni, unaisikia hiyo ahadi kama tisho. Na wote wawili wanadhani serveya ana nguvu ambazo sheria haijampa.

Shida inaanza tunapochanganya maswali mawili. Mpaka uko wapi? Na shamba ni la nani? Serveya anasaidia kujibu la kwanza tu. Kama unasema hati ya jirani ilipatikana kwa ulaghai, au marehemu babu aliwekeshwa kidole gumba kwenye karatasi asizozielewa, hiyo ni kazi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Pimeni hilo shamba hata mara kumi, jina kwenye rejista halitabadilika.

Sasa turudi kwa mpaka. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema korti haitasikiza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Yaani ukimlipa wakili akimbie kortini kwanza, kuna uwezekano mkubwa mtarudishwa nyumbani na gharama juu. Mlango wa kwanza ni ofisi ya msajili wa ardhi. Si ya chifu, si kituo cha polisi, na si ya mheshimiwa yeyote. Chifu na wazee wanaweza kuwapatanisha, na mkikubaliana vizuri mmeokoa pesa. Lakini mmoja akikataa, chifu hawezi kumng'olea ua.

Siku yenyewe inakuwaje? Mmoja wenu anaandika ombi na kulipa ada. Majirani wanaoguswa wanapewa notisi ya tarehe. Msajili anafika shambani pamoja na serveya, na serveya analeta ramani na vifaa vyake. Kila upande unasikizwa. Hata mzee aliyekuwepo wakati mkonge wa mpaka unapandwa anaweza kueleza anachokumbuka, manake sheria inamruhusu msajili kupokea ushahidi. Serveya anapima na kuandika ripoti. Anayeamua ni msajili. Asiyeridhika, hapo sasa aende kortini.

Kumbuka neno notisi. Upimaji uliofanywa kimya kimya, jirani akiwa kazini Nairobi bila habari yoyote, ni upimaji ambao wakili mzuri ataushambulia. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki na ofisi za serikali. Kwa hivyo ile ahadi ya "Jumatatu naleta serveya", hata ikitimizwa, inaweza kumharibia mtu yule yule aliyepigiwa makofi.

Hapa kwa ekari ndipo nimeona familia zikivunjika, na yangu ikiwemo. Hati inasema hekta 0.81, yaani ekari mbili hivi. Unaleta serveya wako wa kibinafsi, anapata 0.76. Unaruka moja kwa moja: jirani ameniibia! Tulia. Soma hati yako tena. Kwa mashamba mengi ya vijijini ukubwa umeandikwa kuwa wa kukadiria, na kifungu hicho hicho cha 18 kinasema ramani ya rejista huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Mashamba mengi yalisajiliwa hivyo tangu zile kazi za kuunganisha vipande vya ardhi miaka ya 1950, ambapo kilichohesabika ni ua, mtaro au mstari wa miti pale chini. Kwa hivyo ua wa zamani ambao nyote mmeuheshimu miaka 40 unaweza kuwa na uzito kuliko namba iliyo kwenye karatasi.

Ardhi yenye mipaka iliyopimwa kamili, kama ploti nyingi za mjini, ni hadithi tofauti. Huko kuna bikoni na vipimo rasmi, na serveya anaweza kurudisha bikoni iliyopotea mahali pake. Ukiing'oa usiku ukadhani umeshinda, umetenda kosa la jinai.

Swali ninaloulizwa sana: naweza kumfungia serveya wa serikali geti? Sheria ya Upimaji inampa ruhusa ya kuingia kwenye ardhi ya mtu kufanya kazi yake. Ukimtoa na panga, kesi itakuwa yako. Lakini kuingia kupima si ruhusa ya kubomoa. Vigingi alivyopigilia havimpi jirani haki ya kuleta tingatinga kesho yake asubuhi. Hata mtu aliyekaa kwenye ardhi isiyo yake, Sheria ya Ardhi inataka apewe notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufurushwa.

Na jirani akiwa serikali yenyewe, je? Barabara inapanuliwa, serveya anakuja, unapata alama ya X nyekundu ukutani. Hapa mimi binafsi nina wasiwasi, manake anayepima na anayetaka ardhi wanalipwa na mwajiri mmoja. Usibishane na kijana mwenye rangi. Omba kwa maandishi ramani aliyotumia, itoe nakala, kisha tafuta serveya mwenye leseni asiye wa serikali apime upya. Ripoti yake haihamishi mpaka, lakini ni ushahidi. Na kama ardhi ni yako kihalali na serikali inaihitaji, hilo linaitwa utwaaji wa lazima, na Ibara ya 40 inataka ulipwe fidia.

Mkutano ujao, mheshimiwa akisema analeta serveya, muulizeni: ombi limewasilishwa kwa msajili? Na nani? Na jirani amepewa notisi ya tarehe gani?