Rudisha wa Mwaka Gani?

Mabishano huanza kwa jina na hukwama papo hapo. Mmoja anasema David Rudisha hana mfano katika mbio za mita 800, mwingine anamtaja Emmanuel Wanyonyi, na kabla chai haijapoa kila mtu amerudi alikoanzia. Oltepesi, Umasaini, huko chini kwenye barabara ya Magadi, mjadala huu una uzito wake, maana Rudisha ni Mmaasai, ingawa kwao ni Kilgoris, upande wa Narok. Yeye ndiye mlezi wa Olimpiki za Wamaasai zilizoanza 2012 huko Kimana, pembe nyingine ya Kaunti ya Kajiado, ambako morani hushindana kukimbia, kurusha mkuki na rungu badala ya kuwinda simba.

Kabla ya kujibu, tuulize: Rudisha wa mwaka gani, na Wanyonyi wa mwaka gani? Umasaini jambo hili halihitaji maelezo marefu. Layoni (mvulana asiyetahiriwa), morani na mzee hupimwa kila mmoja kwa kazi ya rika lake, na hakuna anayemlaumu mzee kwa kutoruka juu kama morani.

Tuwaweke basi wakiwa rika moja. Septemba 2009, akiwa na miaka 20, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1:42.01 mjini Rieti, Italia, akavunja rekodi ya Afrika ambayo Sammy Koskei aliiweka 1984. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ametolewa katika nusu-fainali ya mashindano ya dunia, Berlin. Miguu ilikuwa tayari. Akili ya mashindano ilikuwa bado. Wanyonyi naye, akiwa na miaka 20, alishinda dhahabu ya Olimpiki Paris kwa 1:41.19, na kabla Agosti hiyo ya 2024 haijaisha akakimbia 1:41.11 Lausanne. Kwa mwendo wao, tofauti hiyo ni karibu mita saba. Katika ujana, Wanyonyi yuko mbele, tena waziwazi.

Ila saa nayo haisemi yote. Spaiki za siku hizi, zenye soli ya povu linalomrudishia mkimbiaji nguvu, Rudisha hakuwa nazo. Katika fainali ya Paris wanaume wanne walimaliza chini ya 1:42. London 2012 walikuwa wawili tu. Muda wa mtu usomwe pamoja na muda wa wenzake.

Na London ndiyo kilele chenyewe. Tarehe 9 Agosti 2012, Rudisha akiwa na miaka 23, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu wa kumvutia kasi, akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na kuweka rekodi ya dunia ya 1:40.91. Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, alimfuata kwa 1:41.73. Aliyeshika mkia, Andrew Osagie, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungetosha kushinda fainali ya Olimpiki ya 2008, ya 2004 na ya 2000.

Hata hivyo, mimi nikitaka kumfundisha mtu ubingwa ni nini, namwonyesha fainali ya dunia ya Beijing 2015. Rudisha alikuwa ametoka kwenye jeraha la goti lililomnyima mashindano ya dunia ya 2013. Alishika uongozi, akaifanya mbio kuwa ya polepole, zaidi ya sekunde 54 kwa mzunguko wa kwanza, kisha akawaacha wenzake mwishoni. Muda wake ulikuwa 1:45.84, karibu sekunde tano nyuma ya London, na dhahabu ni ile ile. Billy Konchellah, Mmaasai aliyemtangulia, alikuwa ameonyesha jambo hilo: dhahabu ya dunia 1987 kwa 1:43.06, na nyingine 1991 kwa 1:43.99. Ukiwapima kwa saa pekee, utasema wote wawili walirudi nyuma, na utakuwa umekosea.

Katika tenisi ulinganisho kama huu ni mgumu zaidi, kwa kuwa haina saa. Rafael Nadal alimshinda Roger Federer mara 24 kati ya 40, na wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Lakini ndani yake yumo Nadal wa miaka 17 aliyemwangusha namba moja wa dunia Miami, 2004, na yumo Federer wa 2017, mwaka aliofikisha miaka 36, aliyeshinda mechi zote nne walizokutana. Jumla hiyo inawachanganya watu wa rika tofauti wenye majina yale yale.

Tukirudi kwenye mita 800, Wanyonyi amekwisha kuongeza dhahabu ya dunia, Tokyo 2025, kwa 1:41.86. Alizaliwa 1 Agosti 2004. Umri aliokuwa nao Rudisha usiku ule wa London ataufikisha mapema 2028, miezi michache kabla ya Olimpiki za Los Angeles.