Buibui Kwenye Jaruba

Katika shule nyingi somo la mazingira hufundishwa kama orodha ya makatazo: usikate mti, usitupe taka ovyo, usichome msitu. Mtoto huikariri, huijibia mtihani, kisha hurudi nyumbani ambako kuni ndizo zinazoivisha ugali. Alichoambiwa ni kweli, ila hakupewa njia ya kuupima ukweli huo dhidi ya maisha yake. Kwa maoni yangu, elimu itasaidia kuitunza dunia pale tu itakapomzoeza mwanafunzi kutazama, kulinganisha na kuamua mwenyewe. Ushahidi ninaouamini zaidi umetoka kwenye majaruba ya mpunga ya Indonesia, si madarasani.

Serikali ya Indonesia ilikuwa ikilipia sehemu kubwa ya bei ya viuatilifu, na wakulima wakawa wanapuliza kwa kufuata kalenda. Hata hivyo, mdudu mmoja mdogo wa kahawia, anayefyonza utomvu wa shina la mpunga, alizidi kuongezeka. Mayai yake hufichwa ndani ya mmea, ambako dawa haiyafikii. Buibui wanaomla ndio waliokufa. Mayai yalipoanguliwa, makinda yalikuta shamba halina adui. Mwaka 1986 aina 57 za viuatilifu zilipigwa marufuku kwenye mpunga. Lakini marufuku haimwambii mkulima afanye nini kesho asubuhi akikuta wadudu shambani, na ndiyo maana mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, yalianza mafunzo ambayo sisi tunayaita shamba darasa. Wakulima kama 25 hukutana kila wiki kwa msimu mzima. Kipande kimoja cha shamba hulimwa kwa mazoea, cha pili kwa uamuzi wa kikundi. Huhesabu wadudu, huwachora kwenye karatasi kubwa, hubishana. Wanaweza hata kumfungia buibui pamoja na wadudu hao ndani ya kizimba, wakangoja kuona nani atabaki. Bwana shamba anayejua kazi yake hapo hunyamaza (na hilo ndilo gumu kwake).

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Utafiti wa Feder na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 haukuona kwamba wahitimu wa mafunzo hayo Indonesia walipata mavuno makubwa zaidi au walipunguza dawa kuliko wenzao, wala majirani hawakuonekana kuambukizwa ujuzi. Siwezi kuupuuza. Lakini mafunzo yale yalipanuliwa haraka mno, na mbinu inayotegemea subira ya mwezeshaji huwa ya kwanza kuharibika inapoharakishwa. Kuhusu majirani, sishangai: ujumbe husambaa kwa mdomo, uzoefu wa kutazama hausambai hivyo. Kwa upande mwingine, utafiti wa Davis na wenzake wa mwaka 2012, uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta kipato na uzalishaji vimepanda, na wanawake pamoja na wasiosoma sana wakiwa miongoni mwa walionufaika. Gharama nayo ni kubwa, sikatai, ila mabango na vipeperushi visivyobadili chochote navyo hulipiwa.

Swali lililobaki ni la shule. Mwalimu atasema muda haupo, mtihani unamsubiri. Hata hivyo shamba la shule lipo. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Tanzania Machi 1967, ulitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, lakini mara nyingi jembe limegeuka adhabu ya waliochelewa. Mwanafunzi anayelima kwa kuadhibiwa hujifunza kuichukia ardhi. Kumpa matuta mawili, moja lenye matandazo na jingine lisilo nayo, akapima unyevu wa udongo kila Ijumaa na kuandika anachokiona, kunahitaji daftari, rula na kipindi kimoja cha sayansi ambacho tayari kimo kwenye ratiba.