Kujumlisha Bila Kalamu

Mangareva ndicho kisiwa kikuu cha visiwa vya Gambier, katika Polinesia ya Kifaransa, kiasi cha kilomita 1,600 kusini-mashariki mwa Tahiti. Lugha yake ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi cha jirani zetu wa Madagaska: Mmalagasi akihesabu roa, telo, efatra, dimy, Mmangareva husema rua, toru, ha, rima. Wazee wa Kipolinesia walihesabu kwa makumi, na Wamangareva waliirithi hesabu hiyo. Lakini kwa baadhi ya vitu vya thamani, vile vya biashara, vya karamu na vya kumpelekea chifu, waliunda hesabu nyingine juu yake.

Katika hesabu hiyo vitu havikuhesabiwa kimoja kimoja. Kizio kiliitwa tauga, na ukubwa wake ulitegemea kinachohesabiwa: kwa vitu vingine tauga ni viwili, kwa vingine vinne, na kwa pweza ni wanane. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana boriti za mikoko zimeuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na hakuna aliyedhani kwamba muuzaji hajui kuhesabu moja moja.

Tauga 1 hadi 9 zilitajwa kwa namba za kawaida, na 10 ikawa takau. Kuanzia hapo hesabu ilipanda maradufu: paua ni 20, tataua 40, varu 80.

Faida yake utaiona ukijumlisha. Chukua tauga 57 za pweza: tataua, takau na hitu (7). Ziongezwe 35: paua, takau na rima (5). Saba na tano ni takau na rua (2). Sasa kuna takau tatu. Mbili zinakuwa paua, moja inabaki. Paua hiyo na ile ya mwanzo ni tataua. Tataua mbili ni varu. Jibu: varu, takau, rua, yaani 92, na pweza wenyewe ni 736. Katika makumi yote hayo kanuni ni moja tu: viwili vinavyofanana hugeuka kimoja kinachofuata. Anayejumlisha kwa kichwa hana jedwali refu la kukariri.

Mwishoni mwa 2013 Andrea Bender na Sieghard Beller, wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walieleza kwamba hapa pana hatua za mfumo wa binari, yaani wa kuhesabu kwa mbili, ule ambao mwanahisabati Leibniz aliuandikia makala mwaka 1703 na ambao leo unaendesha kompyuta. Si binari tupu, kwa kuwa 1 hadi 9 zilibaki kama zilivyokuwa. Walikadiria kuwa Wamangareva walimtangulia Leibniz kwa karne kadhaa.

Wataalamu wengi wa zamani waliona kuhesabu kila kitu kwa kizio chake ni dalili ya akili isiyoweza kuitenga namba na kitu. Mangareva inaonyesha kinyume: hesabu ya makumi ilitangulia, na hii ya tauga ikabuniwa baadaye na watu waliokuwa na mali nyingi ya kugawa bila maandishi. Wamisionari wa Kikatoliki walifika 1834, na baadaye kukaja shule na namba za Kifaransa. Penye karatasi, kazi ya kukumbuka hufanywa na wino. Huenda hesabu ya tauga ilikosa kazi, na ndiyo maana ikaachwa.